Kabla ya kumwaga zege, uliza maji yataenda wapi

Masika yakishakatika na jua la Juni likaanza kukausha ardhi, msimu wa ujenzi huanza upya pembezoni mwa Dar es Salaam. Kuanzia Bunju na Goba hadi Chanika na Kigamboni, malori hushusha mchanga mbele ya mageti, kirikuu hupita zimeinama nyuma kwa uzito wa saruji, na vijana wenye mabeleshi hukaa chini ya miti wakisubiri kuitwa. Si kazi zote hizo ni za nyumba mpya. Nyingine ni za watu ambao wameshahamia siku nyingi na sasa wamepata nafasi ya kumalizia walichokiruka hela ilipokata: kibaraza cha nje. Mahali pa kuweka viti jioni, kuchambulia mchicha, kupokelea wageni wa Idi na wa ubarikio, na pa watoto kuvulia viatu kabla mchanga haujaingia sebuleni.

Kibaraza huonekana kazi ndogo. Hakina ukuta, paa wala dirisha, kwa hiyo mara nyingi hupangwa kwa simu moja: "Fundi, njoo Jumamosi upige sakafu hapo nyuma." Jumamosi jioni zege limeshamwagwa na kila mtu ameridhika. Masika yanayofuata, maji yanasimama mbele ya mlango wa jikoni, ufa umekata sakafu kutoka kona hadi kona, na ukuta wa chumba cha watoto umeanza kuota ukungu kwa chini. Hapo lawama humwendea fundi, au saruji, au kiwanda kilichoitengeneza.

Ukichunguza vibaraza vilivyoharibika mapema, mara nyingi utakuta chanzo kiko katika siku zilizotangulia zege: siku za kupima, kuchimba, kushindilia na kununua, ambazo wengi wetu huziruka kwa sababu hazina cha kuonyesha. Siku hizo ndizo zinazoamua kama kibaraza kitadumu miaka 20 au miwili.

Kivuli cha saa kumi

Watu wa pwani wamejenga vibaraza kwa karne nyingi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu, miji iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, baraza za mawe na chokaa zimeambatana na kuta za nyumba kandokando ya vichochoro. Mambo mawili katika baraza hizo yanafaa kuigwa na mwenye kiwanja cha Goba. La kwanza ni kivuli: kichochoro ni chembamba na nyumba ya upande wa pili huzuia jua. La pili ni kimo: baraza imeinuliwa juu ya njia, kiasi kwamba mvua kubwa ikinyesha na kichochoro kikageuka mto, watu hupita juu yake bila kulowa.

Kwa kiwanja cha leo, swali la kivuli lina jibu rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita juu sana, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini kidogo mwezi Desemba. Tofauti kubwa kati ya upande mmoja wa nyumba na mwingine huonekana asubuhi na jioni. Kibaraza cha upande wa magharibi hupigwa na jua tangu saa nane hadi machweo, na zege likishashiba joto hulirudisha taratibu mpaka usiku, saa ambazo familia ndiyo kwanza inatoka kukaa nje. Upande wa mashariki, kufikia saa kumi jioni kivuli cha nyumba yenyewe kimeshalala juu ya sakafu. Pepo zetu nazo zinasaidia: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo upande wa mashariki hupata upepo misimu yote miwili.

Si kila kiwanja kinachoruhusu. Kama nafasi iliyopo ni ya magharibi, panga upenu au mti tangu mwanzo, wala usisubiri hadi sakafu ikaukie juani. Ila mti upangiwe umbali. Mwembe na mwarobaini hutoa kivuli kizuri, lakini mizizi yake hukua miaka yote huku zege likikaa palepale, na mwisho mizizi ndiyo hushinda.

Kabla ya kumwita fundi, chora kibaraza chako chini kwa majivu au chokaa, uweke meza na viti vya ndani, mkae hapo jioni kadhaa. Meza ya watu sita, viti vikivutwa nyuma, inataka eneo la karibu mita 3 kwa 3.5. Ongeza njia ya kupita mtu aliyebeba sinia, pa kuweka jiko la mkaa mbali na pazia, na kamba ya nguo. Hapo ndipo wengi hugundua kuwa kibaraza walichokiwaza ni kidogo mno, au kikubwa bila sababu.

Kisha uliza kilichoko chini ya ardhi. Bomba la maji kutoka kwenye mita limepita wapi? Chemba na karo la majitaka ziko wapi? Mfuniko wa karo usifunikwe kwa zege hata kidogo, maana siku gari la kunyonya majitaka litakapohitajika utavunja ulichojenga. Na kama kibaraza kinaelekea mbele, thibitisha mpaka na hifadhi ya barabara katika ofisi ya serikali ya mtaa, na uulize halmashauri kama kazi yako inahitaji kibali. Kuuliza ni bei rahisi kuliko alama nyekundu ya X.

Maji hufuata mkondo

Tuchukue kibaraza cha kawaida cha mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ikinyesha mvua ya milimita 50, kiasi ambacho masika ya Dar huweza kukimwaga kwa siku moja, kibaraza hicho peke yake kitapokea lita 1,000: ndoo 50 za lita 20. Kama paa halina mfereji na maji yake yanaangukia hapohapo, hesabu hiyo inaongezeka kwa ukubwa wa upande huo wa paa. Zamani maji hayo yalinywewa na mchanga. Ukishamwaga zege, yote yatatafuta pa kwenda, na usipoyachagulia njia yatajichagulia yenyewe, pengine kwako ndani.

Ndiyo sababu sakafu ya nje haipaswi kulala sawasawa. Inahitaji mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukitoka ukutani kwenda nje. Kwa sentimita 1.5, kibaraza chenye upana wa mita 4 kitakuwa chini kwa sentimita 6 upande wa nje. Jicho halitauona na meza haitayumba, lakini maji yatauona. Kimo kipimwe kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, chombo ambacho karibu kila fundi anacho, na kamba ivutwe kwa mteremko huohuo kabla ya kuchimba.

Upande wa ukutani, uso wa kibaraza ubaki angalau sentimita 15 chini ya ule ukanda wa nailoni uliowekwa juu ya msingi kuzuia unyevu usipande. Kibaraza kikimwagwa juu ya ukanda huo, maji yanapata daraja la kuingia ukutani, na hakuna rangi itakayoficha ukungu utakaofuata. Kama hiyo inamaanisha ngazi moja au mbili kutoka mlangoni, jenga ngazi.

Kisha fuata maji hadi mwisho wa safari yake. Kuyaelekeza kwa jirani ni kununua ugomvi. Yapeleke kwenye bustani, kwenye shimo lililojazwa mawe, au kwenye mtaro uliopo. Na hapa kuna jambo linalohitaji kusemwa waziwazi: siku hizi imekuwa fahari kufunika ua mzima kwa zege au pevingi, ukuta hadi ukuta, ili pasionekane hata punje ya mchanga. Nyumba moja ikifanya hivyo haidhuru. Mtaa mzima ukifanya hivyo, mvua iliyokuwa inazama kwenye viwanja inakimbilia barabarani, kisha mabondeni. Jiji ambalo bado linakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi halina sababu ya kuharakisha maji. Kibaraza kiwe mahali pa kukaa, na ua ubaki ua.

Kazi isiyoonekana

Zege la kibaraza kisichopitisha gari linatosha likiwa na unene wa sentimita 10. Chini yake panahitajika tabaka la moramu au kifusi safi la sentimita 10 hadi 15 lililoshindiliwa. Kwa hiyo ondoa udongo wa juu wote, ule mweusi wenye mizizi na majani, mpaka ufike kwenye ardhi ngumu. Udongo wenye mabaki ya mimea huoza na kunywea, na zege lililolala juu yake hubaki linaning'inia bila tegemeo.

Aina ya udongo inabadilisha kazi nzima. Sehemu nyingi za pwani zina mchanga, ambao hupitisha maji vizuri na hautikisiki sana ukishashindiliwa. Lakini anayejenga Dodoma, au sehemu za Nairobi zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ana kazi nyingine: udongo wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na huinua na kushusha chochote kilicho juu yake. Huo huchimbwa zaidi, hutolewa, na nafasi yake hujazwa moramu.

Kifusi kisiwe jalala. Vipande vya tofali na mawe vinafaa. Mifuko ya plastiki, mbao, makopo na maganda ya nazi havifai, kwa sababu vitaoza au vitabonyea na kuacha matundu. Kimwagwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila tabaka linyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya kukodi, au kwa shindilio la mkono lenye uzito wa kweli na kijana asiyechoka haraka. Kipimo hakihitaji maabara: simama kwa kisigino, ujizungushe. Kisigino kikizama, bado. Kwenye maeneo yenye mchwa, huu ndio wakati wa dawa, kisha tandika nailoni nzito.

Kingo huzuiwa kwa mbao. Mbao ya mbili kwa nne ikisimamishwa ina kimo cha karibu sentimita 10, sawasawa na unene unaoutaka, hivyo inakuwa ukingo na kipimo kwa pamoja. Vigingi vikae karibu karibu, kila sentimita 60 hadi 90, maana zege bichi ni zito na litasukuma mbao legelege hadi ukingo utoke na tumbo. Ukishazifunga, usimwage zege siku hiyo. Lala, amka, pima tena.

Hesabu ya mifuko

Mita 5 mara 4 mara 0.10 ni mita za ujazo 2. Kwa mchanganyiko uliozoeleka wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo hula mifuko 6 na nusu hivi ya kilo 50. Kibaraza chetu basi kinataka mifuko 13, nunua 14. Mchanga ni mita ya ujazo 1 na kokoto karibu 2. Ukiwa na hesabu hiyo mfukoni, fundi akikutajia mifuko 8 au 25 utakuwa na swali la kumuuliza.

Upimaji ufanywe kwa ndoo, usifanywe kwa beleshi. Mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35. Kwa hiyo kila mfuko unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, na maji yasiyozidi lita 25, au pungufu kama mchanga una unyevu. Kwenye maji ndipo penye ugomvi wa kila saiti. Zege lenye maji mengi ni jepesi kukoroga, kubeba na kusawazisha, ndiyo maana vibarua hulipenda. Mwaka 1918, mtafiti Duff Abrams wa Chicago alichapisha matokeo ya majaribio mengi yaliyoonyesha kuwa nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu inashuka. Karne moja baadaye sheria hiyo haijabadilika. Zege zuri hukaa kwenye beleshi kama ugali uliosongwa; likitiririka, limeharibika.

Saruji huuzwa kwa madaraja, hasa 32.5 na 42.5. Namba hizo ni kipimo cha nguvu yake baada ya siku 28. Ya 32.5 ni ya plasta, kujengea tofali na kazi nyepesi. Kwa zege la sakafu ya nje, 42.5 ndilo chaguo la uhakika. Shika mfuko kabla ya kulipa: ukisikia madonge magumu, unyevu umeshaingia. Ukishafika nyumbani uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na ununuliwe karibu na siku ya kazi.

Kokoto za mawe magumu, kama zinazotoka Lugoba, ni bora kwa sakafu kuliko zile laini za mawe ya matumbawe. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwani chumvi yake hula nondo. Kwa mchanga wa mtoni au wa shimo, tia kiasi kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa, iache mpaka kesho. Udongo laini utakaa juu ya mchanga. Tabaka lake likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, rudisha lori.

Wavu wa chuma nao una siri yake. Hauzuii zege lisipasuke. Kazi yake ni kuushika ufa usipanuke na kuzuia upande mmoja usipande juu ya mwingine. Ili ufanye kazi hiyo lazima uwe ndani ya zege, katikati au juu kidogo. Desturi ya kuulaza chini kisha kuuvuta kwa ndoano wakati zege linamwagwa huishia na wavu uliozikwa mchangani. Ukae juu ya biskuti, vile vitofali vidogo vya zege ambavyo fundi anaweza kuvitengeneza siku chache kabla.

Kukubaliana kabla ya karai la kwanza

"Bosi, hapa sentimita tano zinatosha kabisa." Sentensi hiyo husemwa kwa heshima zote, na mara nyingi kwa nia njema ya kukupunguzia gharama. Ijibiwe kabla ya siku ya kazi, kwenye karatasi. Andikeni unene, mteremko na upande unaoelekea, uwiano wa ndoo, mahali pa viungo, na nani atamwagilia. Ufundi ulipwe kwa awamu: sehemu ya kwanza baada ya kuchimba na kushindilia, ya mwisho baada ya kukagua. Na mwisho wa siku hesabu mifuko mitupu. Si dharau kwa fundi. Fundi mwaminifu mwenyewe atakupangia.

Mita za ujazo 2 kwa kukoroga kwa mkono zinahitaji fundi na saidia fundi watano au sita kwa siku moja isiyokatika. Waanze asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Maji ya kukoroga pekee yanaweza kufika lita 350, bado ya kuosha vyombo na kumwagilia, kwa hiyo tenki la lita 1,000 liwe limejaa tangu jana. Mgao wa maji haujui una zege kwenye karai. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hata kiangazi.

Viungo vipangwe kwenye mchoro. Zege hunywea linapokomaa na lazima lipasuke mahali; kiungo ni ufa uliouchagulia njia. Kwa unene wa sentimita 10, viungo visipishane zaidi ya mita 3. Kibaraza chetu kigawanywe vipande vinne vya mita 2.5 kwa 2, na mstari uingie robo ya unene, yaani sentimita 2.5. Kati ya kibaraza na ukuta wa nyumba pawe na nafasi nyembamba yenye kijazio laini, kwani nyumba na kibaraza havisogei pamoja.

Jambo la mwisho la kuandaa ni watu wa kumwagilia. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuungana na maji, na jua la Dar likiyanyonya maji hayo siku ya kwanza, uso wa sakafu utabaki unatoa vumbi daima. Funika kwa nailoni au magunia na uloweshe asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7. Kama wiki hiyo nyumba nzima inasafiri kwenda kwenye harusi Tanga, ahirisha zege, usiahirishe harusi.

Na kama baada ya hesabu zote hela inatosha mifuko 7 tu, usipunguze unene ili zege lifike mwisho wa mchoro. Punguza mchoro. Jenga mita za mraba 10, kamili, zenye moramu chini, mteremko na viungo, na upande wa kuendelezea mwakani uuachie ukingo ulionyooka. Nusu iliyobaki panda majani. Itakuwa inakunywea maji ya hiyo nusu ya kwanza.